Wimbo wa Mama, Wimbo wa Bi Zumari

Jumamosi, 1 Novemba

Mguu wa kushoto umevimba tena. Siku nzima kukunjua vitambaa, kukunja vitambaa. Bibi mmoja amenishushisha rafu nzima ya hariri, halafu ati alikuwa anatazama tu. Si angetazama kwao.

Alasiri Sir, tajiri wetu mwenye duka, akaingia macho mekundu. Hakusalimu. Akafungua redio ya Kihindi, akaongeza sauti, akasimama katikati ya duka kama mtu aliyesahau alichofuata. Sunita, fundi wetu wa kushona, akazima cherehani. Bi Zumari amefariki. Kwao Bombay, kitandani mwake, mzee sana.

Jina lake la kweli liliwashinda wazee wetu Mombasa, wakambandika hilo la Bi Zumari kwa ile sauti yake. Sinema za Kihindi za zamani chungu nzima kaziimba yeye. Wazuri wanachezesha midomo mbele ya kamera, yeye yuko chumba kingine anaimba. Uso wake sikuwahi kuujua. Sauti yake naijua kama ninavyoijua ya mama.

Nimelia kwenye metro, treni yao ya hapa Dubai. Mtu mzima mimi. Msichana wa Kifilipino akanipa karatasi ya kupangusia macho.

Jumatatu, 3 Novemba

Redio haina habari nyingine. Sunita ananitafsiria huku anapiga pasi. Kumbe Bi Zumari hakuwahi kuingia ukumbini kutazama hata sinema moja aliyoiimba. Alisema ataona haya kuiona sauti yake ikitoka kinywani mwa mtu mwingine. Kumbe akiimba alitaka taa zipunguzwe na mtu yeyote asimtazame. Kumbe siku moja alisikia sauti imempasuka kidogo, pahali ambapo wenzake hawakusikia kitu. Akavua visikizi, akaenda zake nyumbani. Hakuimba tena.

Alinyamaza mwenyewe kabla hajanyamazishwa. Nimelifikiria hilo njia nzima mpaka Discovery Gardens ninakoishi. Mimi kunyamaza sijui. Na leo nimethibitisha.

Maana Sir anataka kufanya siku ya kumuenzi. Ijumaa ya tarehe 21, alasiri, kwenye ghala lake la Al Quoz. Marobota ya vitambaa yatasogezwa, viti vitapangwa, kila mwenye wimbo wa Bi Zumari aimbe. Nami nikaropoka: mama yangu anao mmoja. Sir akageuka. Nikaendelea, sikujizuia. Mama anakuja Alhamisi, Sir, si wewe uliyemfanyia viza? Mombasa nzima wanawake wanaujua wimbo wake. Sir akaweka mkono kifuani. Akasema mamangu ndiye atakayefunga shughuli.

Khalas. Nimemuuza mama bila kumuuliza.

Alhamisi, 6 Novemba

Mama amefika. Amechoka, amekonda, kifua kinamsumbua, na amebeba achari ya maembe, mkate wa mofa na udi wa kufukiza jumba zima. Wanjiru, askari wa ulinzi ninayeishi naye chumba kimoja, amemwachia kitanda chake cha chini, yeye na uaskari wake akapanda juu. Mama keshamwita "askari wangu". Wanjiru anacheka tu.

Nikamwambia kuhusu Bi Zumari. Kumbe kasikia, Mombasa walimlilia vilevile. Nikamwambia kuhusu ghala. Nilitarajia matusi. Akauliza, "Kutakuwa na wanaume?" Nikasema wamejaa. "Basi nitaimba nyuma ya pazia. Kama mwenyewe."

Mwanamke huyu! Nilikuwa nimesahau jinsi ninavyompenda.

Ijumaa, 7 Novemba

Siku ya mapumziko. Mama kamkalisha Wanjiru, anamfunza mambo ya pwani. Wanjiru ni mtu wa Nyeri, wa kanisani, harusi yetu hajawahi kuiona. Mama anamweleza: siku ya bi harusi kutolewa nyumbani kwao, wanawake ndani wanaimba. Ukikolea na wimbo, unainuka, unacheza polepole na noti mkononi mpaka kwa mwimbaji, unamtunza. Asiyetunza ni bahili. Wanjiru akafanya mazoezi katikati ya vitanda na kipande cha gazeti. Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Wacha niandike habari ya wimbo wenyewe, nisije nikasahau. Mama alikuwa msichana. Nyumba yao wanawake hawakuruhusiwa kwenda sinema, walikwenda wanaume. Lakini duka la Mhindi aliyewapelekea kazi ya kudarizi lilikuwa na santuri, na mama akisimama kungojea uzi akausikia huo. Mara ya tatu tuni yote ilikuwa kichwani. Kihindi hajui. Akatia maneno yake mwenyewe, ya kumtoa dada yake mkubwa:

Inuka mwanangu, gari li mlangoni,
nyumba ya mamako leo waihama.

Tangu hapo hakuna bi harusi mtaani kwetu aliyetoka bila huo. Mimi nimetolewa nao. Marehemu mdogo wangu Fatuma ametolewa nao. Watu wanamwalika mama kwa ajili ya wimbo mmoja tu. Ndio kazi yake duniani, ukiondoa kutulea.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimempeleka mama dukani Al Qusais. Sir akamwita "Mummy", akamletea chai yeye mwenyewe. Mama akafurahi, akazunguka rafu, akavishika vitambaa kimoja kimoja. Halafu akakaa karibu na Sunita, akaanza kuimba kwa sauti ya chini, maneno yake ya kumtoa mwari, mabega yakicheza.

Cherehani ya Sunita ikasimama. Akaniangalia mimi. Akamwangalia mama. Akainama, akaendelea kushona, na hakusema tena neno mpaka tunaondoka. Kuna kitu.

Jumanne, 11 Novemba

Kiko. Natamani ningekuwa sikuuliza.

Sunita kaniambia tukila chakula cha mchana. Sinema yenye ule wimbo wa mama kaiona na mamake yeye. Wimbo ule si wa harusi. Ni wa mama ambaye bintiye amekufa. Wanaume wanaibeba maiti kuitoa nyumbani, na mama amebaki mlangoni, haruhusiwi kufuata. Maneno yake, kwa tafsiri ya Sunita: msiharakishe, bado sijamtazama, mlango huu ameutoka mara ngapi na akarudi.

Nikafunika chakula changu, nikarudi kwenye rafu.

Jumatano, 12 Novemba

Sijalala vizuri.

Fatuma. Mimba ya kwanza, na kwetu mimba ya kwanza mtu anarudi kuzalia kwa mamake. Akarudi. Akashikwa na uchungu, damu ikatoka, haikukatika. Yeye na mtoto. Jeneza likatolewa kwa mlango uleule tuliomtolea kwa wimbo ule. Na wanawake hatuendi makaburini. Mama akaishia kizingitini.

Sasa mtu gani atamwambia mama kwamba wimbo aliomwimbia Fatuma ni wa kutoa maiti? Mama anayeamini kisirani. Anayegeuza safari akikutana na paka mweusi. Atasema ameua. Atasema alimwimbia mwanawe kifo kwa kinywa chake, na watu wakapiga vigelegele. Na mimi niliyeachika baada ya miaka miwili, atanihesabu pia.

Na mimi mwenyewe nimeanza kuogopa, ndio ukweli. Nimekaa kwenye basi nikiwapitia mabibi harusi wote wa mtaani, nani kafiwa, nani kaachwa. Ukitafuta huwezi kukosa. Astaghfirullah.

Siwezi kumwambia. Mama ana moyo mmoja tu na ushapasuka mara moja.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimejaribu ujanja. Nikamwambia, mama, Bi Zumari ana nyimbo nyingi, kwani huwezi kuimba ile ya mvua? Akasema ile ya mvua kila mtu anaijua. Nikasema basi ile ya bembea. Akasema sauti yake haifiki tena juu kule. Nikasema labda usiimbe kabisa, kifua chako hakijapona. Akaniangalia.

Anafanya mazoezi jikoni, huku anakaanga. Kila akifika "gari li mlangoni" mimi natoka nje. Wanjiru akaniuliza kama tumegombana na mathe. Nikasema hapana.

Jumapili, 16 Novemba

Tumegombana.

Nilimwambia mama kwamba Sir amebadilisha mambo, hakutakuwa na nafasi. Uongo mtupu, na sijui kudanganya. Mama akaweka kijiko chini. Akasema anajua nina nini. Ati namwonea haya. Nimekaa Dubai, nimezoea madam na sir, sasa nataka kumficha mwanamke wa mtaani na buibui lake lililopauka. Akasema kama ndivyo, angebaki kwao.

Ningelisema pale. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nikalimeza. Nikalia, naye akadhani nalia kwa kuwa amenishika. Akaninunia mpaka sasa, kageukia ukutani.

Yarabi, bora nionekane mwana mbaya kuliko yeye ajue.

Alhamisi, 20 Novemba

Kesho. Nilimsihi Sunita azungumze na Sir, wapange mama asiimbe. Sunita akakataa. Akasema Sir anaujua sana wimbo huo, ni wa sinema aliyokwenda na mkewe marehemu, na tangu asikie kwamba Mummy atauimba anahesabu siku. Hajui Kiswahili, maneno hayatamsumbua. Atasikia anachosikia.

Labda ndivyo. Wao watalia, mama yuko nyuma ya pazia hataona. Ataimba, atamaliza, twende zetu. Nimejiambia hivyo mara kumi.

Ijumaa, 21 Novemba

Niandike kabla sijalala.

Ghala lilipendeza. Marobota yamepangwa ukutani, mbele picha kubwa ya Bi Zumari na maua ya manjano. Mara ya kwanza kumwona. Mwanamke mdogo tu, miwani mikubwa, kama mwalimu wa shule. Watu mia na zaidi, mafundi, wabeba mizigo wa Al Quoz, familia zao. Tabla moja, kinanda kimoja. Wakaimba, wengine vizuri, wengine kwa mapenzi tu. Hakuna aliyechekwa.

Mwisho, mama. Sir alikuwa amefunga kitambaa cheupe kwenye kamba, kutoka nguzo mpaka nguzo. Akaeleza watu: Mummy ametoka Afrika, ataimba bila kuonekana, kama yule tunayemlilia. Watu wakapiga makofi. Kinanda kikaanza, nikaona migongo ya mbele yangu ikibadilika. Wameutambua.

Mama akafungua mdomo. Miaka sabini ile, na sauti bado ile. Kabla hajafika mstari wa tatu watu walikuwa wanalia. Sir amefunika uso. Sunita analia. Na nyuma ya pazia mama anamtoa bi harusi, anachangamka, anangoja vigelegele, haviji. Ghala kimya. Nikamjua: anadhani ameharibu. Akaongeza mwendo. Akapiga makofi peke yake. Halafu akaita kwa sauti, katikati ya beti, "Haya wanawake, mmelala?"

Wanjiru, niliyekuwa nimeketi naye, akaitika. Akapiga kigelegele cha kwao Nyeri ghala likatetemeka, akainuka na gauni lake jipya na noti ya dirhamu hamsini mkononi, akaanza kwenda kule mbele anacheza polepole, vilevile alivyofunzwa. Nilimshika nguo, ikaniponyoka. Watu wakageuka. Mzee mmoja akasimama, akamfokea kwa Kihindi. Wengine wakaanza kunung'unika. Wanjiru akasimama katikati na noti yake hajui aende wala arudi. Machozi yalimlengalenga, askari wa watu.

Mama akasikia kelele. Akafunua pembe ya pazia.

Akawaona. Ghala zima linalia. Akamwona Wanjiru. Akanitafuta mimi, akaniona. Sijui uso wangu ulimwambia nini. Tabla likanyamaza. Nikasema basi, imekwisha, sasa ataanguka.

Akarudisha pazia. Kisha akaanza tena beti ileile, polepole, kinanda kikamfuata. Maneno yaleyale. Inuka mwanangu. Lakini hakuna bega lililocheza humo ndani. Aliimba mpaka mwisho namna ambayo sijawahi kumsikia akiimba. Yule mzee aliyefoka akakaa chini.

Watu walipotoka, Sir akaja, akainama akamgusa mama miguu, heshima wanayowapa wazazi kwao. Mama akamshika mkono amwinue. Wanjiru aliomba radhi kwa kila mtu mpaka kwa mlinzi wa mlangoni.

Ndani ya teksi mama akauliza, "Kwao wimbo ule ni wa nini?" Nikamwambia. Wote. Akageukia dirisha mpaka nyumbani.

Jumamosi, 22 Novemba

Hasemi. Kaswali, kakaa. Chai imepoa mbele yake. Nimeomba ruhusa ya kutokwenda kazini, nimebaki hapa nakaa kwenye kona yangu. Wanjiru katoka kimyakimya na viatu mkononi.

Naogopa sana. Sina la kuongeza.

Jumapili, 23 Novemba

Amesema.

Nilikuwa namsuka. Nikajikaza, nikamwambia mama, si wimbo. Usifikirie ni wimbo. Akanishika mkono, kitana kikaanguka.

Akasema, "Kwani wewe ulidhani ni wa furaha?"

Nikainama kuokota kitana. Akasema siku alipomtoa dada yake alikuwa analia. Siku aliponitoa mimi alikuwa analia. Kila bi harusi aliyemwimbia, mamake yuko pembeni analia, na watu wanasema ni machozi ya furaha. Furaha gani. Mtoto anatoka mlangoni, kitanda kinabaki kitupu. Akasema pale dukani kwa Mhindi, msichana hajui neno la Kihindi, alisikia mtu anamuaga mtoto wake. Akasikia sawa. Wapi anapelekwa ndiko hakujua.

Nikamuuliza kuhusu Fatuma. Ilibidi. Akasema Fatuma amechukuliwa na damu na ajali yake aliyoandikiwa, na Mungu hangojei wimbo. "Na yule mumeo alikuwa mjinga tangu kuzaliwa. Usimsingizie Bi Zumari wa watu." Nikacheka huku nalia, makamasi kila pahali.

Kisha akasema jambo ambalo hajawahi kulisema. Siku ya maziko ya Fatuma alisimama kizingitini na hakuwa na neno. Kina mama wakamshika huku na huku, subiri Mwanakheri, subiri. Akasubiri. Hakulia. Miaka tisa hajalia. Akitaka kulia analisikia lile "subiri".

Akasema wimbo wa siku ile alikuwa nao muda wote, na hakujua.

Alhamisi, 27 Novemba

Mama kaniomba nimpeleke dukani, mapema kabla ya wateja. Akamtaka Sunita aufungue wimbo wa Bi Zumari mwenyewe, kwenye simu, na amwambie maneno mstari kwa mstari. Sunita anasema kwa Kiingereza chake, mimi nasema Kiswahili. Msiharakishe. Bado sijamtazama. Mlango huu ameutoka mara ngapi na akarudi.

Mama alikaa kwenye kigoda cha wateja, buibui juu ya magoti, akalia. Kwa sauti. Hakuna aliyemwambia asubiri. Sir alikuja, akatuona, akageuza kile kibao cha mlangoni kuonyesha duka limefungwa, akabaki nje akivuta sigara.

Namfikiria Bi Zumari. Chumba chenye taa hafifu, hataki kutazamwa, anamwimbia mwanamke wa sinema ambaye hata hatamwona. Sauti ikaenda zake. Ikafika kwa msichana anayengojea uzi. Ikafika kwenye mlango wetu. Sidhani alijua hata kama kuna Mombasa.

Jumanne, 2 Disemba

Barabara zote bendera, sikukuu yao ya taifa. Kazi hakuna. Tumefunga mizigo. Mama kampa Wanjiru leso, na akamwambia kigelegele chake kilikuwa kizuri, kilikosea nyumba tu. Wanjiru akamtunza ile hamsini ya ghalani. Mama akaipokea, akasema ndiyo tuzo kubwa aliyowahi kupata kwa kuwa ilipitia matusi.

Jumatano, 3 Disemba

Nimemsindikiza uwanja wa ndege. Alivaa lile buibui lililopauka. Nilimnunulia jipya, kalitia kwenye sanduku, ati la Idi.

Pale ambapo asiye na tiketi hapiti, akasimama. Hakupenda kukumbatiana mbele za watu, hajawahi. Akanipa dua, akanishika shavu, akachukua mkoba wake.

Sikupanga. Nilianza tu kuimba, chini chini, asikie yeye peke yake. Inuka mamangu, gari li mlangoni. Nikabadilisha neno hilo moja. Mengine nikayaacha kama yalivyo. Hakugeuka, lakini alipunguza mwendo. Familia ya Wapakistani ikampita na troli zao. Alikwenda hivyo polepole mpaka kwenye mashine za ukaguzi, na mimi nikaimba mpaka sikuweza kumwona.

Nimerudi na metro. Wanjiru yuko zamu. Chumba bado kinanuka udi. Nimetandika kile kitanda cha chini, nimepunguza taa, na kesho duka linafunguliwa saa tatu.